Akili Unde na Kipimo cha Oksijeni: Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Katika zahanati ya kijijini, uamuzi mzito unaweza kutegemea tarakimu mbili. Mama amemleta mtoto mwenye kikohozi na pumzi za haraka. Tabibu anambana mtoto kidole cha mguu kwa kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu, anasubiri mawimbi yatulie, kisha anasoma: 91. Kwa mujibu wa miongozo, mtoto mwenye nimonia ambaye kiwango cha oksijeni katika damu yake kiko chini ya asilimia 90 anapaswa kupewa oksijeni na kupelekwa hospitali. Huyu amevuka mpaka kwa nukta moja. Anaandikiwa dawa, mama anaelezwa dalili za hatari, na wote wawili wanarudi nyumbani. Hakuna aliyekiuka utaratibu. Hata hivyo swali moja linabaki: je, ile 91 ilikuwa 91 kweli?

Swali hilo si geni kwa wataalamu, lakini sasa limepata mjibuji mpya. Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, inatangazwa kuwa dawa ya udhaifu wa vipimo vya oksijeni: itasafisha mawimbi yaliyovurugika, itasahihisha makosa yanayotokana na rangi ya ngozi, na hata itaigeuza kamera ya simu kuwa kipimo. Ahadi hizo hazipaswi kudharauliwa, kwa kuwa baadhi yake zina msingi imara. Lakini akili unde haiwezi kusahihisha kosa ambalo haijawahi kuonyeshwa. Maadamu wagonjwa wa Afrika Mashariki hawamo katika data inayoifundisha, na maadamu kipimo cha damu yenyewe hakitumiki kama shahidi, majibu yake yatabaki kuwa makisio yaliyovikwa joho la uhakika.

Jinsi kifaa kinavyoisoma damu

Oksimita, yaani kile kifaa cha kubana kidoleni, ni tunda la kazi ya mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Kanuni yake ni rahisi kueleza. Upande mmja wa kifaa hutoa mwanga wa aina mbili, mwekundu na wa infraredi, na upande wa pili hupokea kile kilichobaki baada ya mwanga kupenya kidole. Hemoglobini iliyobeba oksijeni hufyonza zaidi mwanga wa infraredi. Ile isiyobeba hufyonza zaidi mwanga mwekundu. Kwa kuwa damu ya ateri hupanda na kushuka kwa kila pigo la moyo, kifaa huweza kuitenga na ngozi, mfupa na damu ya vena, ambazo hazibadiliki kwa mapigo.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba kifaa hakiihesabu oksijeni moja kwa moja. Hupata uwiano wa mianga miwili, kisha huutafuta uwiano huo katika jedwali lililohifadhiwa ndani yake. Jedwali hilo lilitokana na watu wazima wenye afya waliojitolea kuvuta hewa yenye oksijeni kidogo, huku damu yao ya ateri ikichukuliwa na kupimwa maabara. Kwa usalama wao, hawakushushwa chini ya takriban asilimia 70. Chini ya hapo, jedwali ni makadirio. Kwa hiyo kila anayevishwa kifaa hicho leo, awe mtoto wa Kigoma au mzee wa Pemba, anapimwa kwa kufananishwa na watu hao wachache. Kama hawakufanana naye, kifaa hakina njia ya kujua.

Kosa lenye mwelekeo

Melanini, rangi asilia ya ngozi, nayo hufyonza mwanga. Mwaka 1990 watafiti Jubran na Tobin walionyesha kuwa kwa wagonjwa mahututi weusi nchini Marekani, usomaji wa asilimia 92 haukutosha kuhakikisha usalama kama ulivyotosha kwa weupe. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walithibitisha kwa watu wenye afya kuwa kwenye ngozi nyeusi kifaa husoma juu kuliko ukweli, na kosa hukua kadiri oksijeni inavyopungua. Dunia haikushtuka.

Ilishtuka Desemba 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, pale Sjoding na wenzake walipochapisha uchambuzi wao katika jarida la New England Journal of Medicine. Waliwatazama wagonjwa ambao oksimita ilisoma kati ya asilimia 92 na 96, kiwango ambacho wodini huleta utulivu. Katika kundi lao la Michigan, kipimo cha damu ya ateri kilionyesha kiwango cha chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, ikilinganishwa na asilimia 3.6 kwa weupe. Kwa maneno mengine, takriban mara moja katika kila mara tisa, mgonjwa mweusi aliyeonekana salama alikuwa na upungufu wa oksijeni uliojificha.

Uzito wa jambo hili uko katika mwelekeo wa kosa. Kipimo kinachokosea huku na huku kwa bahati huweza kurekebishwa kwa kurudia. Kipimo kinachokosea daima kuelekea kwenye matumaini humwacha mgonjwa bila msaada, na kurudia hakusaidii, kwa kuwa kosa litarudi lile lile. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, imeeleza kuwa hata kwenye kifaa kilichoidhinishwa, usomaji wa asilimia 90 kwa kawaida humaanisha ukweli ulio kati ya asilimia 86 na 94. Mwongozo wake wa mwaka 2013 uliwataka watengenezaji wajaribu kifaa kwa watu wasiopungua 10, wakiwemo angalau wawili wenye ngozi nyeusi. Rasimu mpya ya Januari 2025 inapendekeza watu 150 au zaidi, na rangi ya ngozi ipimwe badala ya kukisiwa. Vifaa vingi vilivyomo mikononi mwa wauguzi leo ni vya zama za watu wawili.

Rangi ya ngozi si kikwazo pekee. Wagonjwa wa selimundu, ambao Tanzania ina idadi kubwa miongoni mwa nchi za dunia, wana hemoglobini ya aina tofauti, na usomaji wao unaweza kupotoka. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu huweza kusoma 98 huku jumla ya oksijeni inayofika mwilini ikiwa haba, kwa sababu wabebaji wenyewe ni wachache. Aliyelala chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa huweza kusoma vizuri kabisa, kwa kuwa kifaa cha kawaida hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na kaboni monoksaidi. Bibi harusi aliyepakwa piko vidoleni huweza kukizuia kifaa kisione kabisa. Hayo ndiyo mazingira ambamo akili unde inaombwa iingie.

Kile akili unde inachoweza kufanya

Kuna kazi tatu ambazo inaweza kuzifanya vizuri. Ya kwanza ni kulitambua wimbi lisiloaminika. Mtoto anayelia na kurusha miguu, mgonjwa mwenye vidole vya baridi, au aliyepungukiwa damu kwa kutokwa nayo, hutoa mawimbi dhaifu yaliyochanganyika na kelele. Programu iliyofundishwa kwa mawimbi mengi inaweza kuitenga kelele, au, jambo lenye manufaa zaidi, kukiri kuwa wimbi hili halifai kusomwa. Kifaa kinachosema “sijui” kwa wakati wake ni bora kuliko kinachotoa namba nzuri isiyo na msingi.

Kazi ya pili ni kuunganisha ushahidi. Oksimita hutazama uwiano mmoja tu. Modeli inaweza kutazama umbo la wimbi, kasi ya moyo, kasi ya pumzi, joto la mwili na wingi wa damu kwa pamoja, kisha ikatoa masafa badala ya nukta: “huenda ni kati ya 86 na 91.” Jibu la namna hiyo lingembadilisha tabibu wa ile zahanati. Namba 91 humwambia kuwa mtoto amepita. Masafa yanayovuka mpaka wa 90 humwambia afikiri tena.

Ya tatu ni kukesha. Wodi ambayo muuguzi mmoja anawahudumia wagonjwa wengi usiku haiwezi kumtazama kila mmoja kila dakika. Mfumo unaofuatilia mwenendo wa saa kadhaa unaweza kuutambua mteremko wa polepole kabla mgonjwa hajaanguka, na kuzipunguza kengele za uongo ambazo huwafanya wahudumu wazizoee na kuzipuuza.

Mwalimu aliyekosea

Tatizo huanza pale panapoulizwa: mashine hiyo imefundishwa na nani? Akili unde hujifunza kwa mifano iliyoambatanishwa na majibu. Kwa kipimo cha oksijeni, jibu sahihi hupatikana sehemu moja tu: damu ya ateri iliyopimwa maabara. Kipimo hicho huumiza, hugharimu, huhitaji mashine na vitendanishi, na katika hospitali nyingi za wilaya hakipo. Hivyo pana kishawishi cha kutumia njia ya mkato, yaani kuichukua namba ya oksimita yenyewe iwe jibu sahihi. Modeli iliyofundishwa hivyo hurithi kosa la mwalimu wake kikamilifu. Itafaulu kila mtihani unaosahihishwa kwa oksimita, na itakosea pale pale oksimita inapokosea. Somo hili lilikwisha kuonekana kwingine. Mwaka 2019, utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulionyesha kuwa programu iliyotumika sana Marekani ilipima uzito wa ugonjwa kwa gharama za matibabu. Kwa kuwa wagonjwa weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo, iliwahesabu kuwa na afya bora kuliko ilivyokuwa kweli. Mashine haikusema uongo. Ilijibu kwa uaminifu swali lisilo sahihi.

Idadi na aina ya waliotumiwa kuifundisha nayo ni muhimu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzao walionyesha kuwa kamera na taa ya simu, zikisaidiwa na akili unde, zinaweza kukadiria oksijeni hadi asilimia 70, na kutambua upungufu kwa usahihi wa takriban asilimia 80. Ni kazi ya kupongezwa, na wenyewe waliitoa kama hatua ya mwanzo. Lakini washiriki walikuwa sita, na mmoja tu kati yao alikuwa Mmarekani mweusi. Programu yoyote itakayoruka kutoka kwa watu sita hadi soko la simu la Afrika itakuwa imeruka shimo bila kulipima.

Kuna mtego mwingine uliofichika zaidi. Baadhi ya modeli za kusahihisha oksimita hujengwa kwa kumbukumbu za wagonjwa mahututi wa hospitali za Marekani, ambako kila jalada lina safu ya “rangi” ya mtu: mweusi, mweupe, Mwasia. Ikiletwa Dodoma au Mombasa, safu hiyo haina habari yoyote, kwa kuwa karibu kila mgonjwa ataandikwa neno lile lile. Ilhali ngozi za wodi moja ya Tanzania hutofautiana kwa kiasi kikubwa, tangu maji ya kunde hadi nyeusi tititi, na ni rangi yenyewe, si jina la kabila wala jamii, inayofyonza mwanga. Zaidi ya hayo, waliopimwa damu ya ateri katika kumbukumbu hizo ni wale waliokuwa hoi. Mtoto wa zahanati mwenye selimundu na malaria, au mama mjamzito anayeishi katika nyanda za juu za Njombe, hamo humo kabisa.

Hatari hukua zaidi pale mashine inapopewa mamlaka ya kutenda. Ipo mitambo inayoongeza na kupunguza oksijeni kwa watoto njiti yenyewe, ikifuata namba ya oksimita. Kwa watoto hao oksijeni nyingi huweza kuharibu retina na kuleta upofu, na oksijeni chache huua. Mtambo unaofuata namba iliyopanda isivyo halali utapunguza oksijeni kwa utulivu kamili, na hapatakuwa na kengele ya kumwamsha mtu.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kuwa mjadala huu ni anasa. Vituo vingi havina oksimita hata moja, na penye oksimita pengine hapana oksijeni. Tume ya jarida la Lancet Global Health ilikadiria mwaka 2025 kuwa watu bilioni 5 duniani hawana uhakika wa oksijeni tiba iliyo salama na ya bei wanayoimudu. Pingamizi hili lina haki yake. Oksimita yenye kosa ni bora mara nyingi kuliko macho matupu, kwa kuwa bluu ya midomo huchelewa kuonekana, na kwa ngozi nyeusi huonekana kwa shida zaidi. Hakuna anayepaswa kukitupa kifaa chake kwa kusoma makala haya. Lakini uhaba haupunguzi haja ya usahihi, huiongeza. Penye mtungi mmoja na wagonjwa watatu, namba ndiyo inayoamua nani apewe. Modeli inayoshusha namba za wote kwa hofu ya kukosea itaumaliza mtungi kwa wasiouhitaji, na inayozipandisha itamnyima anayeuhitaji.

Wengine watasema kuwa masahihisho yatakuja yenyewe kadiri teknolojia inavyokua. Historia haiungi mkono matumaini hayo. Kutoka 1990 hadi 2020 ni miaka 30, na katika muda huo ukweli ulikuwa umechapishwa na kuwekwa rafuni. Kilichobadilisha mambo si ubora wa mitambo, ni wingi wa maiti.

Kinachopaswa kufanyika

Wahenga wa pwani, waliovuka bahari kwa kutazama mbingu, walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Vyuo vikuu vya tiba na hospitali za rufaa za Afrika Mashariki zina wagonjwa, zina wataalamu, na baadhi zina mashine za kupimia gesi za damu. Zinachokosa ni mpango wa pamoja: kila damu ya ateri inayochukuliwa kwa sababu za matibabu iambatanishwe na usomaji wa oksimita wa dakika hiyo hiyo, wimbi lake, rangi ya ngozi iliyopimwa kwa kipimo maalumu, kiwango cha hemoglobini na hali ya selimundu. Mgonjwa asichomwe sindano ya ziada kwa ajili ya mashine. Damu inayochukuliwa tayari, ikitunzwa vizuri, inatosha kuanzia.

Data hiyo ni mali ya watu, na iheshimiwe hivyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ridhaa iombwe kwa lugha anayoielewa mgonjwa, na mikataba ihakikishe kuwa kifaa kitakachozaliwa na data hiyo kitarudi kwa bei ambayo zahanati inaimudu.

Mamlaka zinazoidhinisha vifaa tiba, kama TMDA nchini Tanzania, nazo ziulize maswali manne kabla ya kuruhusu programu yoyote ya namna hii: ilifundishwa kwa watu gani, jibu sahihi lilitoka kwenye damu au kwenye oksimita nyingine, kosa lake ni kiasi gani kwa ngozi nyeusi hasa, si kwa wastani wa watu wote, na nani anawajibika ikikosea. Mtengenezaji asiyeweza kuyajibu hajamaliza kazi yake.

Wakati haya yakisubiriwa, mhudumu wa afya ana silaha zake. Kidole kiwe na joto, kisiwe na rangi ya kucha wala piko. Penye piko, sikio litumike kwa kifaa kinachofaa sikioni. Wimbi lisubiriwe litulie, na pigo la moyo kwenye kioo lilinganishwe na lile la mkononi. Usomaji wa kati ya 90 na 95 kwa mgonjwa anayehema kwa shida, anayeshindwa kunyonya au kunywa, au aliyelegea, usichukuliwe kuwa ruhusa ya kumwacha; dalili zake zipewe uzito kuliko namba. Mwenendo unaoshuka kutoka 97 hadi 93 ni habari, hata kama 93 haijavuka mpaka. Mgonjwa au mzazi naye, anapoambiwa “oksijeni iko vizuri” huku pumzi ikimbana, ana haki ya kusema kuwa bado anaumwa na kuomba atazamwe tena. Anayejipima nyumbani kwa saa au simu asiahirishe safari ya kituoni kwa sababu kioo kimemridhisha.

Yule mtoto wa 91 huenda alikuwa salama, na huenda hakuwa. Tofauti kati ya mawili hayo ilikuwamo katika damu yake, na siku ile hakuna chombo mle zahanatini kilichoweza kuisema. Akili unde inaweza siku moja kumwambia tabibu: mtoto huyu asiende nyumbani bado. Itaweza kusema hivyo kwa haki endapo tu itakuwa imekwisha kujifunza kutoka kwa watoto walio kama yeye.